Laptopu Iliyopimwa kwa Pindo

Mke wangu ni mfupi. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe huanza nalo kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, akisimama mbele ya wanafunzi wapya wa ushonaji: "Mimi mfupi, lakini macho ninayo. Aliye nyuma na haoni aseme leo, asisubiri mtihani ufike." Wanacheka, na hakuna anayesema. Watu wa nyuma huwa hawasemi. Yeye anajua, maana alikuwa mmoja wao.

Alijifunza kushona katika darasa la watu hamsini waliozunguka cherehani moja. Mwalimu wao alikuwa fundi hodari, ila mikono yake ilionekana na watu kumi tu, wale warefu na wale wenye viwiko. Mke wangu aliona migongo. Mpaka leo anaweza kukueleza zipu ya gauni la kila mwenzake ilivyokaa, lakini jinsi mfuko wa koti unavyoshonwa hakuwahi kuona. Nasema ule mfuko unaopasuliwa katikati ya kitambaa, ambao mkasi ukishapita hakuna pa kurudi. Mfuko huo ulimfelisha mtihani mara mbili. Kabla ya mara ya tatu alinunua koti kuukuu la mtumba, akaliweka juu ya meza ya kulia chakula, akalifumua uzi mmoja baada ya mwingine huku akichora kila hatua kwenye daftari, mpaka koti likabaki vipande. Akafaulu. Baadaye chuo kilekile kikamwajiri kufundisha, na sasa ana miaka ishirini na miwili pale.

Mimi ni fundi rangi. Tulijaliwa pacha, kwa hiyo nyumbani yeye ni Mama Pacha na mimi ni Baba Pacha. Ndoa yetu ina kelele za kutosha, sitaki kudanganya. Ananiambia nachelewa, namwambia ana kichwa kigumu. Lakini mtu wa nje akimgusa kwa neno, atanikuta mlangoni.

Mambo ya video yalianza kwa simu yake. Alikuwa anajirekodi akishona, kisha anawatumia wanafunzi ili kila mmoja aone mikono yake akiwa kwake, bila kusukumana. Lilikuwa wazo zuri na nilimwambia hivyo. Kosa ni kwamba alitumia kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, ili aweze kujiona anapofanya kazi. Simu yake ina tabia ya kuigeuza picha ya kamera hiyo, kushoto kunakuwa kulia kama unavyojiona kwenye kioo. Hakugundua, na hata mimi ningeona nisingejua.

Basi akaitwa kusimamia mtihani chuo kingine kwa siku nne, akaliachia darasa video ya kushona shati la kiume. Wanafunzi wakaifuata kwa utiifu mkubwa. Shati la mwanamume matundu ya vifungo hukaa upande wa kushoto wa mvaaji, la mwanamke hukaa kulia. Aliporudi alikuta mashati thelathini na manane ya walinzi wa chuo yamepigwa pasi na kukunjwa, yote yanafungwa kike. Mlinzi mmoja, jitu la miraba minne, alivaa la kwake akasimama getini akihangaika na kifungo cha kwanza hadi gari la mkuu wa chuo likapiga honi mara tatu.

Mkuu wa chuo si mtu mbaya, ila anapenda maneno yake yasikike mbali. Alimwita mke wangu mbele ya walimu wenzake akasema, "Hizo video zako zimetushonea aibu. Mwisho wa muhula nakuja darasani mwenyewe. Nitachagua watu watano wa benchi la nyuma, washone ule mfuko wa koti kwa kuangalia video tu, bila wewe kutia neno. Wakishindwa, simu zinazimwa, tunarudi ubaoni."

Mke wangu alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Nilimuuliza kama tule. Akasema, "Baba Pacha, wakirudi ubaoni, wale wa nyuma wanarudi kuangalia migongo." Hakulia. Ningependa angelia, kwa sababu akilia najua la kufanya.

Kesho yake alikuwa ameshaamua. Simu haimtoshi, alisema. Anataka kupunguza mwendo wa video pale mkasi unapopita, kusogeza picha karibu, kukata sehemu anayopiga chafya, na kuonyesha yote ukutani kwa projekta ambayo chuo kinayo na hakuna anayeitumia. Kwa hayo inahitajika laptopu. Akiba yake ya kushona magauni ya harusi ingetosha kununua moja, na si ile inayowekwa dirishani. Akichagua vibaya, hakuna ya pili.

Tukaenda mjini Jumamosi. Mimi nilijitia mjuzi. Nilikuwa nimeuliza watu wawili, na mtu akishauliza watu wawili anaona amesoma. Dukani alitupokea muuzaji mwenye tai nyekundu na ulimi wa asali. Kabla hatujasema shida yetu alishafungua laptopu nyembamba ya rangi ya fedha, imeng'arishwa mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Kwenye kioo chake kulikuwa na video ya kasuku, rangi zinawaka. Mimi na rangi ni ndugu. Nikasema, "Hii hii, Mama Pacha. Tazama ule wekundu!"

"Kizuri chajiuza," akanijibu bila kunitazama, "kibaya chajitembeza. Hii naona imeshatembea mpaka mlangoni kutupokea." Kisha akamgeukia muuzaji. "Kaka, nina kazi yangu hapa kwenye flashi. Naomba kila laptopu unayonionyesha niipe kazi hiyohiyo."

Kazi yenyewe ilikuwa video ya dakika nne: mikono yake ikishona kitambaa cheusi kwa uzi wa buluu iliyokolea, ile ambayo mtu asiyeangalia vizuri ataapa ni nyeusi. Ungemshauri atumie uzi mweupe ili mshono uonekane, angekujibu kwamba koti la mteja halishonwi kwa uzi mweupe, na mtihani nao hauleti uzi mweupe. Kwenye flashi hiyo alikuwa na programu ya bure ya kuhariri video, mwalimu wa kompyuta alimpa. Muuzaji akaguna, akaiweka. Mke wangu akapanga video polepole kwa vidole viwili, akabonyeza ikamilishwe. Halafu akavuta kiti, akatoa sindano na sketi kwenye mkoba, akaanza kushona pindo.

"Mama, unashona dukani?" muuzaji akauliza.

"Nasubiri mashine yako imalize kazi yangu. Nikikaa bure nitahisi muda mrefu kuliko ulivyo, nitakuonea. Sindano haimwonei mtu."

Ndivyo alivyozipima, kila laptopu kwa pindo lilelile, akilifumua na kuanza upya. Ile nyembamba ya fedha ilimaliza kazi wakati pindo la sketi limeisha lote na mke wangu ameshakata uzi. Tena chini palikuwa pamepata moto, unaweza kupiga pasi kola. Akauliza tundu la waya wa projekta liko wapi. Muuzaji akasema siku hizi kuna kifaa cha kuchomeka, kinauzwa kando. Mke wangu akasema, "Kwa hiyo ninunue gauni, halafu ninunue mikono."

Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, ya watu wa michezo ya kompyuta, ina taa chini ya herufi. Ilimaliza kazi kabla pindo halijafika robo. Nilimwona mke wangu akiishika ukingoni kwa kidole kimoja, jinsi anavyoshika hariri. Akauliza bei, akaambiwa, akaitikia kwa heshima na kuondoa kidole. Hapo nilijisikia vibaya. Nilitamani ningekuwa nimepaka ghorofa nzima mwaka ule badala ya kuta za uani.

Muuzaji, naona kwa kuchoka, akamletea ya tatu kutoka rafu ya nyuma. Ilikuwa imeshatumika ofisini kwa mtu, nene, kifuniko kina mikwaruzo, herufi A imefutika kabisa. Kioo chake hakikung'aa. Nikamnong'oneza, "Tumefika mtumbani."

"Mtumba ndio ulionifundisha kazi," akasema.

Sasa akafanya jambo lililowafanya wateja wengine waache shughuli zao. Alizipanga zote tatu mezani, video ileile inacheza, akaanza kuzizunguka. Akasimama kushoto kabisa. Akasimama kulia kabisa. Akachuchumaa, akanyanyuka kwenye ncha za vidole, ambako kwa urefu wake si mbali sana. Ungedhani anampima bibi harusi. Ukiwa mbele, ile ya fedha yenye kasuku ilikuwa nzuri, lakini ukienda pembeni kioo chake kiligeuka majivu, na ule uzi wa buluu ukapotea ndani ya kitambaa cheusi kana kwamba hakuna aliyeshona. Ile kuukuu ilibaki vilevile kutoka kila upande. Mshono ulionekana, tundu kwa tundu.

Mimi bado nilikuwa nasitasita. "Lakini rangi zake zimepoa," nikasema. "Zile zinawaka."

Akanigeukia na mkono kiunoni. "Wewe si ndiye unayewaambia wateja rangi haichaguliwi chini ya taa ya duka? Beba hii na ile ya fedha mlangoni."

Nilizibeba. Kwenye mwanga wa mchana nikaweka kipande chake cha kitambaa kati ya vioo viwili, na fundi rangi wa miaka yote hiyo nikanywea. Ile ya fedha ilikuwa inadanganya. Weusi wake ulikuwa na zambarau ndani, na uzi wa buluu ukafanana na kitambaa. Ile kuukuu ilikuwa inasema kweli, taratibu, bila mbwembwe. Nikamwambia mke wangu, "Umenishinda." Akasema anajua.

Ilibaki mwendo. Ile kuukuu ilichukua nusu ya pindo, ikawa inakwamakwama katikati. Mke wangu akaifunga, akaigeuza juu chini. "Ifungue," akamwambia muuzaji.

"Mama, hizi hazifunguliwi mbele ya mteja."

"Kaka, mimi nguo huwa naitazama upande wa ndani. Nje kila mtu anajua kupiga pasi. Sitanunua mbuzi kwenye gunia."

Muuzaji akatazama foleni, akanitazama mimi apate msaada wa mwanamume mwenzake. Nilijitia kusoma bei za vipaza sauti. Akaleta bisibisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mke wangu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa vyuma. Hakujua jina hata la kimoja, lakini anajua nafasi tupu akiiona. "Hapa pana kitu kama kijiti cha kijani kimekaa. Na hapa pembeni pana kitanda kama chake, hakina kitu. Kwa nini?"

Muuzaji akainama naye kutazama. Kisha, na kwa hili namheshimu, akacheka kwa dhati. "Hiyo ni nafasi ya kuongeza ram, mama. Kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ukiongeza ya pili haitakwama." Akaitoa moja kwenye droo, akaichomeka palepale, bei ikapanda kidogo lakini ikabaki ndani ya mkoba wetu. Mke wangu akarudia jaribio lake. Safari hii mashine ilimaliza wakati yeye ameshona theluthi moja tu ya pindo. Na chaja alikuwa ameichomoa tangu mashine ilipowekwa mezani, bila kumwambia mtu. Aliangalia betri, akakunja sketi, akasema, "Nifungie hii."

Chuoni walimcheka. Mwalimu wa umeme aliuliza kama ile ni laptopu au pasi ya mkaa. Mke wangu akamwambia akitaka kujua aiguse aone kama inaunguza. Kisha akarudi kazini kwake, maana muhula ulikuwa unakimbia.

Kamera ya mbele hakuigusa tena. Nilimtengenezea mkono wa kushikia simu kwa mpini wangu wa rola ya kupakia rangi, nikaufunga ukutani nyuma yake ukafika juu ya cherehani, simu ikawa inatazama chini kutoka begani kwake. "Sasa kushoto kwangu ni kushoto kwao," akasema. Alipojifunza kuhariri, furaha yake ilinishangaza. Aliniita kutoka jikoni nije nione jinsi unavyokata video halafu, ukibonyeza mahali fulani, ulichokata kinarudi kizima. "Miaka thelathini nakata vitu visivyorudi!" Akakata tena na kurudisha, kata, rudisha, anacheka peke yake. Baadaye akatulia akafanya kazi. Pale mkasi unapopita aliufanya uende nusu mwendo, akaonyesha mara ya pili kwa karibu. Maneno yake yote aliyafuta. Nilimuuliza kwa nini, akasema darasani atakuwa ameamriwa kunyamaza, basi afadhali mikono izoee kusema.

Siku ya mkuu wa chuo nilikuwepo. Nilikuwa nimepaka mstatili mweupe ukutani kwa ajili ya projekta, rangi isiyong'aa, tabaka mbili, na nikadai kwamba ukingo mmoja unahitaji kurekebishwa asubuhi ileile. Haukuhitaji. Nilisimama nyuma kabisa na kopo langu, na video ilipojaribiwa niliona ncha ya sindano kutoka pale.

Mkuu alikuja na daftari. Akachagua watano wake wa benchi la nyuma. Wanne walikuwa vijana. Wa tano alikuwa mama mtu mzima aliyejiunga na chuo baada ya watoto wake kumaliza shule, mwanamke wa haya, anayekaa karibu na mlango kana kwamba wakati wowote ataambiwa aondoke. Kila mmoja akapewa kipande cheusi, uzi wa buluu iliyokolea, mkasi. Mke wangu akabonyeza video, akarudi nyuma, akafunga mikono mgongoni. Nilijua vidole vyake vinasuguana.

Vijana walishona vizuri. Mmoja mfuko wake ulikuwa na mkunjo pembeni, lakini ulikuwa mfuko. Yule mama alipasua. Nilisikia mkasi ukipita moja kwa moja mpaka mwisho, ukavuka mshono. Hata mimi nisiyejua kushona nilielewa. Kipande chake kilikuwa kimekwisha. Mkuu akaandika kitu kwenye daftari, na nikaona bega la mke wangu likishuka.

Yule mama hakumtazama mwalimu. Aliinuka, kwa haya zake zote, akaenda mbele kwenye laptopu mwenyewe. Akairudisha video nyuma kidogo. Akaangalia. Akairudisha tena, akaangalia huku kidole chake kikifuata ukutani pale ambapo mkasi, karibu na mwisho, unaacha njia iliyonyooka na kugawanyika kwenda pembe mbili. Akairudisha mara ya tatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, peke yake, "Aa. Kumbe mkasi unasimama, halafu unakwenda huku na huku." Akachukua kipande kingine mezani, bila kumwomba mtu ruhusa, akakaa, akaanza upya.

Hakuna aliyemharakisha. Hata mkuu alivuta kiti akakaa. Alipomaliza alimpelekea kitambaa, na mkuu akatia mkono ndani ya mfuko mpaka kwenye kifundo, akavuta pembe moja, akavuta ya pili. Zilishika.

"Nani amekufundisha hapo ulipokosea?" akamuuliza.

"Mwalimu."

"Mwalimu hajafungua mdomo."

"Amenirudia mara tatu, bwana mkuu," yule mama akasema, "na hajanikasirikia hata mara moja."

Mkuu akautoa mkono wake mfukoni mle. Kisha akafuta kile alichokuwa ameandika, akasimama, akamwambia mke wangu, "Endelea, Mwalimu. Na mwalimu wa umeme umrekodi pia, watu wake wanapigwa shoti."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa, akamwita mwanafunzi anayefuata. Mimi sikumwambia mtu yeyote mle ndani kwamba huyo ni mke wangu. Nadhani hawakuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimesimama wima kuliko ukuta, na rangi ilikuwa inanidondokea viatuni.